Sanamu ya askari wetu: mikono ya dhahabu, kusimamisha ndiyo balaa

Chama chetu ni cha familia za wanajeshi wastaafu, Kahawa West, Nairobi, hatua chache kutoka kambi ya jeshi. Tulichanga miaka kadhaa tupate ukumbusho wa wazee wetu waliotangulia, kisha tukaipa kazi karakana moja ya Viwandani. Jina nimeliacha makusudi. Naandika kwa sababu najua kuna vyama vingine vinavyotaka kuagiza sanamu, na sisi tuliingia kama vipofu.

Swali lao la kwanza lilikuwa faiba (plastiki ngumu yenye nyuzi za kioo) au shaba nyeusi. Faiba ingetugharimu karibu theluthi ya bei ya shaba. Lakini jua huichuna rangi, na watoto wa Sunday school wakianza kuning'inia mkononi, mkono hauchukui mwaka. Tukachagua shaba, tukalipa asilimia 60. Tuliambiwa miezi mitano. Ikawa tisa.

Jambo la busara tulilofanya halikuwa langu, lilikuwa la Afande. Huyu ni sajini mstaafu, na hakuna anayethubutu kumwita jina lingine. Kabla udongo haujaguswa aliwachukua vijana wawili wa karakana hadi mjini. Akawasimamisha Kenyatta Avenue mbele ya sanamu za wale askari watatu wa 1928, ukumbusho wa Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita Vikuu vya Kwanza (wapagazi hao ndio waliouachia mtaa wa Kariokor jina). Wakapita kwenye sanamu ya 2007 ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, bunduki mkono huu, kisu mkono ule. Wakamalizia Uhuru Park kwenye ukumbusho wa Mau Mau wa 2015, pale mama anapompa mpiganaji chakula na kila mmoja amegeuza uso, ili akikamatwa asiwe na wa kumtaja. Afande alikuwa na somo moja tu: tazameni mwili, msitazame nguo.

Wiki sita baadaye tukaitwa kuona udongo. Sura ilikuwa nzuri hata mama mmoja akaanza kulia. Afande akazunguka mara mbili bila neno.

"Huyu ni wa jeshi gani?"

"La Kenya, Afande."

"Mbona bereti imelalia kushoto?"

Kumbe waliichonga kutoka kwa picha iliyogeuzwa kwenye simu. Beji inatakiwa ikae juu ya jicho la kushoto, kitambaa kilalie kulia. Halafu ile bunduki ya G3: tulitaka askari wa maombolezo, mtutu chini, viganja juu ya kitako, kichwa kimeinama. Wao walimpa bunduki imeegemea bega. "Huyo analinda benki," Afande akasema. Mchongaji hakununa. Alichukua waya, akaikata bereti yote mbele yetu, na jioni kofia mpya ilikuwa imekaa. Kwenye udongo hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Ingekuwa tayari shaba, ni grinda, kuchomelea upya na bili mpya. Kwa hiyo nendeni wakati wa udongo, na mwende na mtu aliyevaa hizo sare.

Baada ya hapo kazi ni yao: kalibu ya mpira, nakala ya nta, nta inafunikwa ganda gumu kisha inayeyushwa itoke, na shaba iliyoyeyushwa, joto la nyuzi zaidi ya 1,000, inamiminwa palipokuwa na nta. Askari wetu alitoka vipande vinane, akaunganishwa. Siku ya rangi nilikuwepo. Alikuwa anang'aa kama sufuria mpya. Fundi akampasha moto wa gesi, akapitisha brashi ya dawa, na kahawia ikapanda polepole kutoka buti hadi shingoni. Nasema ukweli, nilinyamaza.

Sasa kusimamisha. Hapo siwapi hata nusu. Mwashi wao alimwaga zege na kupanda boliti nne kabla ya kupima matundu ya sanamu. Jumamosi, kreni ya kulipwa kwa saa iko juu, askari ananing'inia kwenye mikanda, boliti mbili hazioni tundu. Zilikatwa, yakatobolewa mashimo mengine, yakajazwa gundi ya epoksi, na saa tatu za kreni zikatutoka sisi. Tulilalamika mpaka wakaturudishia sehemu. Bamba la majina nalo lilikuja na jina moja limekosewa herufi, wakalibadilisha bila maneno.

Ningewarudia? Kwa kuchonga, kesho asubuhi. Msingi nitajenga na mwashi wangu, na sitamwaga zege bila kielelezo cha matundu mkononi.

Afande hupita kila Jumapili baada ya misa na kitambaa chake kufuta vumbi. Mpaka leo anasema mkanda wa bunduki umelegea.