TAHADHARI: Anayeuza safari ya kupanda miamba Thailand hapa Kigoma ni tapeli

Wakuu, kama uko Kigoma mjini, Ujiji, Kasulu au popote mkoani na umetumiwa lile tangazo la "Safari ya kupanda miamba Railay, Thailand, siku 10, kila kitu ndani", usitume hata shilingi. Sisi tumeshalizwa, watu watatu, jumla 1,230,000: kianzio cha 350,000 kila mmoja, na kamba ya 180,000. Jina na namba zake siziandiki hapa kwa sababu jalada liko polisi, ila nitamweleza kiasi kwamba ukikutana naye utamjua.

Ni mtu wa makamo, msafi, anaongea taratibu, kila mtu kwake ni "kiongozi". Ofisi hana. Anakutana na watu mgahawani pale Mwanga, anaagiza chai na chapati, na analipa yeye. Sijawahi kunywa chai ya bei kama ile.

Mimi kazi yangu ni kutembeza wageni ziwani. Mgeni mmoja niliyempeleka Gombe ndiye alinionyesha picha za Railay, iko Krabi, kusini mwa Thailand. Majabali ya chokaa yamesimama wima pembeni ya bahari, watu wananing'inia juu kama popo, chini mchanga mweupe. Nikarudi nyumbani nimechanganyikiwa. Tukaanza kibubu: mimi, shemeji yangu, na kijana mmoja nesi ambaye hata mti wa mwembe haumshindi. Kwa hiyo huyu bwana alipotokea na tangazo lake, alitukuta tumeshaiva.

Nikikumbuka sasa, alijianika mwenyewe tangu siku ya kwanza. Nilimuuliza kutoka uwanja wa ndege wa Krabi tunafikaje Railay. Akajibu, "Kiongozi, usiwaze, Noah itawachukua uwanjani mpaka mlango wa hoteli." Railay haifikiki kwa gari. Sio kisiwa, ni bara, lakini majabali yameizungushia mgongo, hivyo unaingia kwa boti kutoka Ao Nang au Krabi mjini. Aibu ni yangu. Mimi ninayepakia watu boti kwenda Gombe, ambako nako gari halifiki, niliimeza ile Noah bila maji.

Halafu alitupangia Agosti, "kiangazi, miamba mikavu". Agosti ni kiangazi huku kwetu! Upande ule wa Thailand, kuanzia Mei mpaka Oktoba ndiyo mvua za pepo za kusini-magharibi, na wapandaji wengi huenda kati ya Novemba na Aprili. Jamaa alichukua kalenda ya Kigoma akaibandika Krabi. Na shemeji alipouliza kuhusu zile bolti zilizopigiliwa mwambani, ambazo ndizo unazoning'inia, akasema tusiogope, zote ni stainless, hazishiki kutu. Baadaye nikaja kusoma kwamba hizo stainless ndizo zilizowatisha watu kule. Chumvi ya bahari huzipasua kwa ndani, nje zinaonekana zinang'aa, siku moja inakatika bila kuaga. Ndiyo maana wapandaji wamekuwa wakizing'oa na kuweka za titani. Mtu aliyefika pale hata mara moja angekuwa na habari hiyo.

Lakini kilichomuumbua kabisa ni kamba.

Alisema kila kundi lazima liende na kamba yake, na yeye anayo moja kutoka Ulaya, mita 60, imetumika mara mbili tu. Tukailipia. Ilikuja kwenye mfuko wa salfeti, rangi ya machungwa, imekunjwa vizuri, na nchani ina kikaratasi kilichobandikwa kwa selotepu: "9.8", yaani unene wake kwa milimita. Nikaipeleka Kibirizi kumwonyesha baba mdogo, mvuvi wa dagaa tangu sijazaliwa. Hata hakuikunjua. Aliinusa. Akaniangalia, akainusa tena. "Baba, hii umeuziwa na nani?" Akachukua kisu, akapasua kidogo ganda la nchani, akatoa kwenye nyuzi za ndani kitu kinachong'aa kama kucha ya mtoto. Gamba la samaki.

Kisha akaitupa majini, akashuka mwenyewe akaikandamiza chini kwa mguu mpaka mapovu yakaisha. Alipotoa mguu ikapanda juu, ikakaa inaelea. Akaniambia hii ni ile plastiki ya kamba za boti, ndiyo maana haizami. Kamba ya kupandia miamba hutengenezwa kwa nailoni, na nailoni ikishalowa inazama. Sio uzito tu. Ile nailoni hufumwa ili ivutike mtu anapoanguka, ipunguze kishindo kwenye kiuno na kwenye bolti. Hii ya kufungia boti ungeanguka nayo mita chache tu, ikakukaza kama umefungwa kwenye nguzo, kama haijakatika.

(Na wewe usije ukapima kamba kwa kuitumbukiza ziwani halafu ikizama ukasema iko salama. Kamba mbovu ya nailoni nayo inazama. Ya kupandia ukiwa unatangulia lazima iwe na alama ya kiwanda nchani: EN 892, na namba 1 ndani ya duara kama ni ya kutumika peke yake. Ikiandikwa EN 1891, hiyo ni ya kushukia na kufanyia kazi za juu, haivutiki vya kutosha kudaka mtu. Na mtu asipojua imetengenezwa mwaka gani, mwachie.)

Tulipomrudia akasema tusigombane kwa ajili ya kamba, tiketi tayari. Kweli akatuma karatasi yenye namba ya herufi sita, tukaiingiza kwenye tovuti ya shirika la ndege, majina yetu matatu yakatokea. Nesi akapiga vigelegele. Baada ya siku mbili yakafutika. Dada mmoja anayekata tiketi hapa mjini ndiye aliyenifungua macho: kuhifadhi nafasi sio kulipa. Mtu anaweza kuweka jina lako bila kutoa senti, muda ukiisha mfumo unalifuta. Tiketi iliyolipiwa ina namba yake ya tarakimu 13. Yetu haikuwa nayo.

Hela tulituma kwenye namba ya kawaida, sio lipa namba, na jina lililotokea lilikuwa la mwanamke. "Mhasibu wetu huyo, kiongozi." Leseni ya TALA, ile ya biashara ya utalii, nilimwomba, akasema inahuishwa Dodoma. Mtandao wa simu walituambia hela ilitolewa ndani ya saa ile ile, hakuna cha kurudisha.

Tumefungua RB, na ile namba tumeiripoti TCRA kupitia 15040. Kama na wewe umemtumia, fanya hivyo leo, usisubiri aibu ipoe, maana hela ikiwa bado imo kwenye laini yake mtandao unaweza kuizuia. Na kama alichukua nakala ya kitambulisho chako cha NIDA "kwa ajili ya viza", hilo nalo usilisahau: piga *106# uone kama kuna laini usiyoijua imesajiliwa kwa jina lako. Sisi nakala tulimpa wote watatu, kama kondoo.

Wiki iliyopita mtu wa Kasulu amenitumia tangazo lile lile. Jina jipya, picha zile zile, bei imeshuka kidogo. Noah bado ipo.

Kamba, baada ya polisi kuipiga picha, baba mdogo aliiomba. Sasa hivi imefunga boti yake pale Kibirizi, na anasema kwa kazi hiyo haina tatizo lolote.