Sikaflex kwenye kirikuu na kwenye bati: uzoefu wangu hapa Tabora

Barabara za vumbi zinazotoka Tabora mjini kwenda vijiji vya Uyui hazina huruma na gundi ngumu. Supagluu inashika ndani ya sekunde chache, lakini ikishakauka inakuwa kama kioo. Gari likianza kutetemeka, inapasuka na kipande kinadondoka njiani. Nilichokuwa nakitaka kwa kirikuu yangu, gari dogo la mizigo, ni gundi inayokubali kutikisika, na nimeipata kwenye Sikaflex 11FC, ile ya bomba la mililita 300. Ni ya poliyurethani, inatengenezwa na kampuni ya Sika ya Uswisi, na mafundi ujenzi wanaijua kwa kuzibia maungio ya zege. Ikikauka haiwi jiwe, inabaki mpira. Ukiibonyeza kwa kucha inarudi.

Nimebandikia mpira wa mlango wa nyuma, nimezibia maungio ya bodi yaliyokuwa yanaingiza vumbi kwenye mizigo, na nimekaza fremu ya taa ya nyuma iliyokuwa imelegea. Tangu kiangazi kilichopita vyote vipo, na magunia ya wateja yanafika masafi. Kioo cha mbele sikigusi. Kina gundi yake maalumu, na hiyo ni kazi ya fundi wa vioo.

Kazi kubwa iko kwenye kuandaa. Kutu itoke yote kwa msasa, vumbi lifutwe, mafuta yaondolewe kwa spiriti, kisha pakauke kabisa. Ukipaka juu ya kutu, gundi itashika ile kutu, na kutu yenyewe itabanduka na kila kitu.

Halafu kuna jambo ambalo sisi wa Tabora tunapaswa kulijua kuliko watu wa Pwani: gundi hii hukaushwa na unyevu uliomo hewani, si jua. Ngozi ya juu hujitengeneza kwa saa moja hivi, lakini ndani hukauka taratibu, takriban milimita 3 kwa saa 24 kama hewa ina unyevu wa wastani. Kwetu mwezi wa Agosti hewa ni kavu mno, kwa hiyo inachelewa zaidi. Nawaona watu wanaanika gari juani wakidhani wanaiharakisha. Mimi napaka tabaka jembamba, nafunga kipande kwa kamba kisisogee, na gari halitoki hadi nijiridhishe. Mwenye haraka ya kupakia mzigo jioni hiyohiyo asiinunue.

Tena haishiki kila plastiki. Geuza bampa uangalie nyuma: ukikuta herufi PP, hiyo ni polipropilini, usipoteze gundi. Vilevile simtanki la maji, ambalo ni polithini. Jirani yangu aliniomba nimzibie tanki lake lililopasuka, nikamwambia, "Shemeji, hili linataka fundi wa kuyeyusha plastiki kwa moto, gundi itabanduka tu." Simtanki bovu wakati wa kiangazi ni mateso, sikutaka kumpa matumaini ya uongo.

Nyumbani nimeitumia kwenye bati, kuzunguka vichwa vya misumari na pale bati linapokutana na ukuta. Bati linatanuka mchana na kunywea usiku, na gundi inakwenda nalo. Mvua zilizoanza Novemba zimepita bila ndoo sebuleni, na kwa hilo tu naipa alama zote. Kwa kuwa jua kali huichakaza juu, niliipaka rangi. Inakubali rangi, tofauti na silikoni. Kwenye sinki pia imetulia.

Vaa glavu na ufungue madirisha, maana ikiwa mbichi mvuke wake si mzuri kwa mapafu, na ikikaukia kwenye ngozi sabuni haiitoi. Dukani soma tarehe ya mwisho na ubonyeze bomba. Lililokaa kwenye kontena la bati lenye joto linaweza kuwa limeanza kugandia ndani, na hapo hata bunduki ya silikoni, kile kifaa cha kukamulia gundi, haitalisukuma. Bomba likishafunguliwa, panga kazi zako zote za wiki hiyo pamoja. Ukiacha kidogo kwenye mdomo wake kitaganda na kuwa kizibo; ukikichomoa kwa msumari mapema, unaendelea na kazi, ukichelewa umepoteza bomba zima.