Seven Sisters, Sussex: twendeni, lakini ukingoni tukae mbali

Naishi London na sehemu hii, safu ya vilima vyenye magenge meupe kando ya bahari kusini mwa Uingereza, nimeshairudia mara nne. Mara hii nilikwenda na mama, aliyekuja kututembelea kutoka Lamu.

Tulipanda treni hadi Brighton, kisha basi la 12X liendalo Eastbourne, tukashuka Exceat, mlangoni kabisa. Kuingia ni bure. Mwenye gari analipia maegesho tu.

Mama magoti yanamsumbua, kwa hiyo tulifuata njia ya bondeni, kandokando ya mto Cuckmere unaojipindapinda kama nyoka. Ni tambarare, kama kilomita 2 hadi baharini, na nilikuta watu wakisukuma vigari vya watoto. Pwani yenyewe haina mchanga, ni kokoto tupu. Ndara hazifai.

Pale chini ya magenge, umbali wa kutosha, mama aliokota kipande cheupe, akakisugua kiganjani kikawa unga. "Tokaa!" akasema kwa Kiamu chetu, yaani chokaa. Babu alikuwa akichoma matumbawe kwenye tanuu, kuni kwa kuni, apate weupe huo wa kupaka kuta. Hapa kilima kizima ni cheupe tangu asili: ni mabaki ya vijimea vya baharini visivyoonekana kwa macho, yaliyotuama chini ya bahari zama za dinosaria. Katikati yake imepita mistari myeusi ya mawe ya gumegume. Mama aliyatazama kwa nusu saa nzima, na mimi sikumharakisha.

Wiki iliyofuata nilirudi peke yangu kupita juu. Unaanza na Haven Brow, kilima kirefu kuliko vyote, mita 77 hivi, kisha ni kupanda na kushuka mpaka Birling Gap, mwisho wa pili wa vilima. Miguu inawaka moto, lakini kwangu hiyo ndiyo njia bora: nyasi fupi, kondoo, upepo wa kukuvua mtandio, na bahari chini yako muda wote.

Sasa nawaomba kwa dhati. Juu hakuna uzio. Niliona vijana wakipiga picha hatua moja kutoka ukingoni, nikawaita warudi nyuma. Chokaa hii huliwa na mawimbi kwa chini na humeguka bila kukuonya. Na ukitembea ufukweni chini ya magenge, angalia kwanza ratiba ya maji kujaa na kupwa. Sisi wa pwani tunajiona tunaijua bahari, ila pale maji yakijaa hupati pa kupandia.

Kati ya Exceat na Birling Gap hakuna choo wala duka. Bebeni maji, na chai kwenye chupa.

Mkitaka picha ya vilima vyote pamoja, nendeni ng'ambo ya mto, upande wa Seaford, penye vijumba vya zamani vya walinzi wa pwani. Nendeni alasiri, jua likiwa limeyapiga magenge usoni.