Kifurushi cha "kila kitu ndani" Unguja: pwani gani kinalipa, na wapi unalipia hewa

Hoteli kubwa za ufukweni Unguja zinazouza kifurushi kamili, yaani chumba, milo mitatu, vitafunio, vinywaji na michezo ya majini isiyotumia mashine, zinafanana kama pacha kwenye picha za matangazo. Bwawa, minazi, mchanga mweupe, mtu kalala na glasi ina kipande cha nanasi. Anayechagua kwa kuhesabu nyota atakuwa amechagua kwa kubahatisha, kwa sababu tofauti ya kweli iko kwenye mambo mawili ambayo tangazo halisemi: bahari ya upande ule inapwa vipi, na nje ya geti kuna nini.

Hukumu yetu tuitoe mapema. Kifurushi kamili kinalipa Kiwengwa, Pwani Mchangani na Bwejuu. Nungwi, Kendwa na Paje, wengi wanaokinunua wanajifunga bure.

Sababu ni ya miguu tu. Kiwengwa hoteli zimekaa kwenye viwanja vikubwa vyenye kuta, moja baada ya nyingine. Usiku ukitaka kula kwingine ni lazima uite teksi, na nauli ya kwenda na kurudi inakula faida yote ya chakula cha bei nafuu. Bwejuu ni pweke zaidi, na ndiyo maana hoteli kama Baraza, yenye majumba 30 tu, huuzwa kwa kifurushi na mgeni haoni hasara. Nungwi mambo ni kinyume. Unatoka getini unakutana na mikahawa ya samaki, maduka na vijana wa ngalawa, na unalinganisha bei huku unatembea pekupeku. Paje vilevile. Mtu aliyelipia chakula cha mchana hotelini halafu akala pweza kijijini amelipa mara mbili.

Hesabu yake ni rahisi, na ifanywe kabla ya kulipa. Chukua bei ya chumba pamoja na kifungua kinywa na chakula cha usiku, itoe kwenye bei ya kifurushi kamili, kisha gawa kwa idadi ya watu. Tuseme inabaki dola 60 kwa mtu kwa usiku mmoja. Hizo 60 ni bei ya chakula cha mchana na vinywaji vya siku nzima, basi. Asiyekunywa pombe, anayekunywa maji, juisi na soda mbili, hawezi kuzimaliza hata akila mpaka achoke. Familia yenye watoto wanaodai juisi na aiskrimu kila nusu saa ni habari nyingine, na wanaokunywa bia kuanzia mchana nao wanajijua.

Sasa bahari, maana hapa ndipo malalamiko mengi ya wageni yanapoanzia, na si kosa la hoteli.

Pwani yote ya mashariki, kuanzia Matemwe, Pwani Mchangani na Kiwengwa hadi Bwejuu, Paje na Jambiani, ina mwamba wa matumbawe mbali na ufukwe, na kati ya mwamba na ufukwe kina ni kidogo. Maji yakipwa yanaondoka kabisa. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya kimo kati ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4, na unabaki na uwanja wa mchanga, vidimbwi na majani ya bahari mpaka upeo wa macho. Hakuna kuogelea kwa saa kadhaa. Kendwa, na upande wa magharibi wa Nungwi, sakafu ya bahari inashuka haraka zaidi, kwa hiyo unaogelea saa yoyote. Huko shida inakuja maji yakijaa: kwenye bamvua yanapanda hadi kwenye kuta za baadhi ya hoteli, ufukwe unatoweka, na njia ya kutembea mchangani kati ya Nungwi na Kendwa inafungwa mpaka yapwe tena.

Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani hana haja ya jedwali la maji. Bamvua huwa kuanzia mwandamo hadi tarehe 3 hivi, na tena kati ya 14 na 17. Maji mafu, yaani siku ambazo maji hayapandi wala kushuka sana, ni karibu tarehe 7 hadi 10, na 21 hadi 24. Siku za bamvua Unguja, maji hujaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa kama saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Maana yake, mgeni anayefika Kiwengwa tarehe 15 ya mwezi wa Kiislamu ataamka, atakunywa chai, atateremka ufukweni na kukuta bahari haipo, ataiona jioni. Akifika tarehe 21, maji yamejaa karibu saa 3 au 4 asubuhi, na hata yakipwa hayaendi mbali. Kama hoteli ni ya mashariki na lengo ni kuogelea, panga safari iangukie kwenye maji mafu. Kama lengo ni kutembea hadi mwambani na kuona kina mama wa mwani kazini Paje na Jambiani, bamvua ndiyo yenyewe, kwa sababu mashamba yao yako wazi wakati huo.

Anayekwenda mwambani avae viatu vya majini vyenye soli ngumu. Kwenye mawe wanakaa wale wadudu weusi wa miiba mirefu, na mwiba wake unakatikia ndani ya nyayo. Aondoke ufukweni maji yakiwa bado yanashuka, na aanze kurudi mara tu yanapogeuka, si dakika 30 baadaye. Maji hayajai kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanapanda kidogo, mtu anajiona salama. Saa ya tatu na ya nne yanapanda nusu ya kimo chote. Na hayaji kutoka mbele peke yake. Yanaingia kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yako, karibu na ufukwe, ambayo wakati wa kwenda uliivuka maji yakiwa chini ya goti. Ndiyo maana watu huzingirwa wakiwa bado wamesimama pakavu.

Baadhi ya hoteli za Kiwengwa zimejenga gati la mbao linaloingia baharini ili mgeni ayafikie maji yakiwa mbali. Hoteli ya Meliá inalo, na lina baa. Ni jambo la maana kuliko bwawa la pili. Gati linapita juu ya majani na mawe, ila kwenye bamvua kali hata mwisho wake huwa maji ni haba.

Upepo nao una neno. Kusi, kati ya Juni na Septemba, unapiga moja kwa moja Paje, Jambiani na Bwejuu. Wachezaji wa kaiti wanaufurahia. Aliyelala kwenye kiti cha ufukweni anakula mchanga. Kaskazi, Desemba hadi Februari au Machi, ni zamu ya Matemwe, Pwani Mchangani na Kiwengwa, na huko unaleta mawimbi madogo na majani ya bahari yanayorundikana ufukweni. Hoteli nzuri ina vijana wa reki kabla jua halijachomoza. Kendwa inatazama magharibi, kwa hiyo imejificha kwa pepo zote mbili, na bei yake inalijua hilo. Masika, Aprili na Mei, hoteli kadhaa hufunga na kufanya ukarabati. Zinazobaki wazi hushusha bei sana, lakini uliza kwa maandishi kama mikahawa yote inafanya kazi na kama kuna ujenzi unaoendelea karibu na vyumba.

Chakula. Bafe ya hoteli hizi ni kubwa kuliko ilivyo tamu, na kujua kuila ni ufundi. Fika ndani ya nusu saa ya kwanza. Vyakula vyetu vya nazi havipendi kukaa juu ya moto: ukifunua samaki wa kupaka au mchuzi wa pweza ukaona mafuta yameelea na tui limekatika vipandevipande, chombo hicho kimekaa hapo tangu mlo uanze. Jodari wa kwenye trei amekwisha kukauka. Nenda kwa mpishi aliyesimama kwenye jiko la makaa, mwambie akuchomee kipande kipya na asikiache sana. Pweza wa kuchoma avutwe kwa uma kwanza. Akinyumbuka kama mpira, hakuchemshwa kabla ya kuwekwa jikoni, na hakuna ndimu itakayomwokoa. Usiku wa vyakula vya Kiswahili, unaowekwa mara moja kwa wiki, pilau huwa ya kuridhisha lakini pilipili na bizari hupunguzwa kwa ajili ya Wazungu. Ukimwomba mpishi kwa Kiswahili achari au pilipili ya kwao, ya wafanyakazi, itatoka jikoni. Urojo usiutarajie, ule kaule kwenye bustani ya Forodhani mjini.

Wanaochunga halali wakumbuke kwamba nyama ya kuku na ng'ombe kisiwani kwa kawaida ni halali, lakini hoteli hizi huhudumia nguruwe pia, hasa kifungua kinywa, na vijiko hutangatanga kutoka trei moja hadi nyingine. Mpishi wa mayai ukimwomba sufuria safi hatakataa.

Mikahawa ya kuagiza, ile isiyo ya bafe, ndiyo yenye chakula kizuri, na ndiyo inayowekewa masharti: idadi fulani ya mara kwa kila safari, na kuandikisha meza mapema. Andikisha siku ya kufika, ukiwa bado mapokezi na mabegi, kwa sababu meza za saa 2 usiku huisha kwanza. Kambakoche karibu popote hulipiwa kando.

Kwenye vinywaji, neno "vyote" lina mipaka. Kwa kawaida ni bia za hapa nchini, mvinyo wa hoteli na pombe kali za kawaida, Konyagi ikiwemo. Chupa za majina makubwa zina bei yake. Saa ya mwisho hutofautiana: nyingi hufunga saa 5 au 6 usiku, ilhali Riu pale Nungwi huuza kifurushi cha saa 24. Uliza pia friji ya chumbani inajazwa mara ngapi na maji ya chupa ni mangapi, maana kwenye joto la Februari hilo ndilo utakalolihisi. Safari ya kisiwa cha Mnemba kutazama samaki, massaji, kuzamia kwa mtungi na usafiri wa uwanja wa ndege kwa kawaida haviko ndani. Mnemba huongezewa na ada ya hifadhi. Mabichiboi wa ufukweni, ambao Kiwengwa watakusalimu kwa Kitaliano kabla ya Kiswahili kutokana na wageni waliozoea kuja huko, wanauza safari hiyohiyo kwa bei ya chini. Kabla ya kukubali, ona boti yenyewe, hesabu maboya ya kuvaa, na usitoe pesa yote mkononi.

Mambo mawili ya nyuma ya pazia yana uzito kuliko mapambo ya kitanda. La kwanza ni maji. Visima vingi vya pwani ya mashariki vina chumvichumvi. Sabuni haitoi povu na nywele zinakuwa kama makumbi. Hoteli yenye mtambo wa kuchuja chumvi itakwambia kwa fahari ukiuliza. Isiyo nao itazungukazunguka. La pili ni umeme. Unguja inapata umeme kutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na kati ya Desemba 2009 na Machi 2010 kisiwa kilikaa gizani kwa takriban miezi mitatu waya huo ulipoharibika. Mwaka 2013 uliwekwa mwingine mkubwa zaidi, lakini kukatika kwa hapa na pale bado kupo. Swali la kuuliza si kama jenereta ipo, ni kama inabeba viyoyozi vya vyumbani au ni taa na jiko tu. Na jenereta iko upande gani: chumba cha bustani cha bei nafuu mara nyingine ndicho jirani yake.

Mtanzania, au mkazi mwenye kibali, aulize bei ya wakazi kabla hajagusa tovuti yoyote ya kuwekea nafasi. Bei hiyo kwa kawaida haioneshwi huko, hupatikana kwa simu au barua pepe ya hoteli yenyewe, na mapokezi watataka kitambulisho cha kila mtu mzima. Juu ya bei kuna ada ya miundombinu kwa kila mtu kwa kila usiku, inayotegemea daraja la hoteli, na mara nyingi hulipwa papo hapo. Wageni wa kigeni wana na bima ya lazima ya dola 44 tangu Oktoba 2024, inayolipwa mtandaoni kabla ya kufika. Hoteli haihusiki nayo.

Chumba hutolewa saa 8 mchana na kurudishwa saa 4 au 5 asubuhi. Mwenye ndege ya usiku aulize kwa maandishi kama bangili ya mkononi, ile inayoonesha umelipia kifurushi, inaendelea kufanya kazi baada ya kutoa chumba, au inakatwa palepale mapokezi. Zipo zinazokuruhusu kula mchana na kutumia bafu la wageni, na zipo zinazokulipisha siku nusu. Kutoka Kiwengwa hadi uwanja wa ndege hesabu saa moja na ziada, kutoka Nungwi saa moja na nusu. Asiye na mabegi mazito anaweza kusimama barabarani na kupanda daladala ya 117 (Kiwengwa) au 116 (Nungwi) hadi mjini, pamoja na wafanyakazi wanaotoka zamu.