PhET kwa fizikia ya fomu tuu, tunaitumia huku Moshi vijijini na naisifia

Walimu wenzangu wa sayansi, hasa nyie wa shule za kata ambao maabara yenu ni chumba chenye meza tu, itafuteni PhET. Ni majaribio ya kufanya kwenye skrini, bure kabisa, yanatoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kule Marekani, aliyeanzisha ni Carl Wieman mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya kupata Nobel ya fizikia. Unadaunlodi ukiwa mjini, unatia kwenye flashi, shuleni inafunguka kwenye brauza bila bando.

Mimi naipenda zaidi ile ya saketi, Circuit Construction Kit: DC. Wanafunzi wengi wanaamini balbu inakula umeme, yaani karenti inayotoka ni ndogo kuliko iliyoingia, ukiwaandikia ubaoni kwamba ni sawa wanakopi wanakariri ila kichwani wamebaki na lile lao. Sasa huku wanaunga wenyewe betri ya volti 9 na balbu ya omu 10, wanaweka ammita (kipima karenti) mbele na nyuma ya balbu, zote zinasoma ampea 0.90. Kelele zinaanza, "madam hii ammita mbovu!", wanazihamisha, bado 0.90. Wanaunga balbu ya pili kwa mfuatano, zote zinashuka hadi 0.45. Aisee, hapo ndo unamwelewa Piaget, yule mwanasaikolojia tuliyemsoma chuoni, kwamba mtoto anajenga uelewa mpya pale alichokiamini kinapogongana na anachokiona.

Ila wakishika wao! Mwalimu ukiwasha projekta ukabofya peke yako darasa zima linatazama ukutani, hujabadilisha kitu. Najua laptopu ni chache, basi wakae wanne wanne, na kabla hawajagusa kila kundi liandike wanategemea nini kitatokea. Vygotsky, mwanasaikolojia mwingine, alisema kuna mambo mtoto peke yake hayawezi ila akishikwa mkono na anayejua zaidi anayaweza, na mara nyingi huyo ni mwenzake wa deski moja, tena anamweleza kwa Kiswahili wakati maelezo yangu yote ni ya Kiingereza. Na wewe zunguka uulize "kwa nini?", maana programu haikuulizii, ukiwaacha watachoma betri mpaka kipindi kiishe (ukiunga waya bila balbu inawaka moto, wanaipenda balaa).

Zile app za maswali zinazotoa nyota ukipatia ni njia ya Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, mashine yake ya kufundishia ya miaka ya 1950 nayo ilikuwa hivyo, swali dogo, unajibu, unajua hapohapo. Kwa vizio na fomula wiki ya mitihani zinafaa sana, nazitumia. Kumtoa mtu kwenye imani ya balbu kula umeme, hapana, sio kazi yake.

Kwenye simu yenye kioo kidogo kushika ncha za waya ni shida, tafuta laptopu au tableti. Halafu kwenye skrini waya haulegei na betri haiishi, kwa hiyo usiishie hapo, practical ya fomu foo inataka mikono. Mimi kipindi kinachofuata nawaletea betri za tochi, balbu ndogo na vipande vya waya warudie saketi ileile, balbu inawaka kwa kufifia, na wao wenyewe wanaanza kubishana kama ni betri au ni pale walipofunga waya.