Canon EF 50mm f/1.8 STM: Lenzi Ndogo kwa Usiku wa Roki Nzito

Anayetaka kupiga picha katika maonyesho ya roki nzito kwa kawaida huambiwa anunue lenzi kubwa na ya bei ghali. Nimeitumia Canon EF 50mm f/1.8 STM kwa muda mrefu, hasa katika kumbi ndogo za Nairobi ambako bendi hupiga muziki hatua chache tu kutoka kwa watazamaji, na kwa maoni yangu hii ndiyo lenzi inayostahili kununuliwa kwanza. Ilitoka mwaka 2015 kwa bei ya takriban dola 125 za Marekani, ina uzito wa gramu 160 hivi, na hufungwa kwenye kamera kwa pete ya chuma, tofauti na toleo lililoitangulia ambalo pete yake ilikuwa ya plastiki.

Thamani yake iko kwenye mwanga. Lenzi ya 18-55mm inayouzwa pamoja na kamera nyingi, ikivutwa hadi mwisho ili kukuza taswira, hufunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la kupitisha mwanga huwa kubwa), ilhali hii, kwa f/1.8, hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Flashi hairuhusiwi katika maonyesho mengi, na hata pale inaporuhusiwa huua rangi zote za taa za jukwaani, kwa hiyo tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama vidole vya mpiga gita vitaonekana kimoja kimoja juu ya nyuzi au vitabaki ukungu. Mimi huanza na ISO 3200, yaani usikivu mkubwa wa kamera kwa mwanga, na kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde, nikikubali chenga kidogo kwenye picha. Mpiga ngoma anahitaji 1/500, na hata hapo vijiti vyake huacha mkia, jambo ambalo silihesabu kuwa dosari, kwa sababu ngoma iliyoganda kabisa hukosa nguvu iliyotufanya tuende kuisikiliza.

Kwenye kamera yenye sensa ya APS-C, iliyo ndogo kuliko ya fremu kamili, mtu aliye mita mbili mbele yako akipigwa picha kwa f/1.8, kina cha eneo linaloonekana bila ukungu hakizidi sentimita 11 hivi, na mwimbaji anayetikisa kichwa hutoka humo kabla hujabonyeza. Kwa hiyo f/2.2 au f/2.8 ni salama zaidi.

Tatizo kubwa ni taa nyekundu, ambazo bendi za roki nzito huzipenda mno. Robo tu ya pikseli za sensa ya kawaida hupokea rangi nyekundu, na uso uliomulikwa kwa nyekundu tupu huwa bapa, mashavu na paji likiungana pasipo kivuli. Hilo si kosa la lenzi, lakini fokasi yake nayo huyumba katika mwanga huo, ikienda mbele na kurudi nyuma huku wimbo ukipita. Dawa yake ni kulenga kitu chenye mstari mkali, kama wavu wa maikrofoni, kupunguza mwanga unaoingia kwa hatua moja (yaani nusu), kuhifadhi faili ghafi (RAW, ambayo kamera haijaichakata), kisha kuigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe. Jambo jingine ni kwamba mtutu wa ndani hutokeza nje wakati wa kulenga, na katika msukumano wa mbele ya jukwaa unaweza kugongwa, hivyo kikinga cha ES-68, ingawa huuzwa kando, ni cha lazima.

Kilichonifanya niipende kwa dhati ni namna inavyosaidia kukumbuka. Kwa kuwa haina zumu ya kuvuta taswira, unalazimika kuchagua mahali pako, kusimama hapo na kuusikiliza wimbo hadi ujue lini mpiga gita atapiga hatua mbele. Kabla ya onyesho mimi husahihisha saa ya kamera, na taa zikiwaka mwishoni naipiga picha karatasi ya orodha ya nyimbo iliyobandikwa sakafuni karibu na pedali, mara nyingi ikiwa imekanyagwa na kulowa. Nikioanisha orodha hiyo na saa iliyo ndani ya kila faili, ninajua jasho lile lilitiririka katika wimbo gani, na baada ya miaka picha hurudisha mpangilio mzima wa usiku.

Kwa viwanja vikubwa haifai. Angus Young, mpiga gita wa bendi ya AC/DC, anayekimbia jukwaa zima, hataonekana ila kama nukta ukiwa katikati ya uwanja, na wapigapicha wenye pasi, ambao kwa desturi hupewa nyimbo tatu za kwanza tu, hawana nafasi ya kusubiri kama ninavyosubiri mimi. Hao wanahitaji lenzi ya kuvuta mbali ya 70-200mm f/2.8. Wenye kamera za Canon zisizo na kioo (mirrorless) wanaweza kuifunga kwa adapta, ila kama bado hawajanunua, wachukue toleo la RF la mwaka 2020, lililotengenezwa kwa kamera hizo, lenye uzito uleule na linalolenga kwa karibu zaidi, sentimita 30 badala ya 35.