Sonic Pi na muziki usiojirudia, uzoefu wangu

Nimeitumia Sonic Pi, programu ya kutengeneza muziki kwa kuandika kodi, muda wa kutosha sasa na nasema kwa moyo mweupe, kama unataka kompyuta ikutungie muziki unaobadilika kila saa basi anzia hapa. Ni ya bure, inaingia kwenye Windows, Mac na Raspberry Pi (ile kompyuta ndogo), unaandika mistari michache ya kodi unabonyeza Run unasikia. Aliyeitengeneza, Sam Aaron, aliwafikiria hata watoto wa shule kwa hiyo usiogope.

Utamu wote uko kwenye bahati nasibu, yaani kuiachia kompyuta ijichagulie. Ukiiambia iokote noti yoyote ile unapata kelele tu, hakuna kinachoshikana. Ila ukiifungia kwenye skeli (kundi la noti zilizopangwa) ya noti tano, ile minor pentatonic, afu ukaweka amri ya choose ijichagulie yenyewe, aisee inaimba, maana skeli hiyo haina noti zilizobanana nusu toni (hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili kwenye piano) kwa hiyo yoyote ikifuata yoyote hazigombani. Na jambo hili ni la zamani, watafiti Hiller na Isaacson walitumia njia hiyohiyo kwenye Illiac Suite, muziki uliotungwa kwa kompyuta, mwaka 1957 huko Illinois, Marekani, kompyuta inatoa namba za kubahatisha, sheria za muziki zinazichuja, inayokiuka inatupwa inatafutwa nyingine. Bahati bila uzio haifiki popote, mi naamini hivyo kabisa.

Kingine ninachokipenda mno ni lupu, yaani vipande vinavyojirudia, za urefu tofauti. Weka moja ya mapigo 7 na nyingine ya 11, zitaanza tena pamoja baada ya mapigo 77, na hapo bahati hujaigusa bado! Ongeza amri ya one_in 3 kwenye ngoma, itadunda kama mara moja kwenye kila tatu lakini lini hasa huwezi kukisia.

Ujue tu kwamba ukibonyeza Run upya melodi inarudi ileile. Imepangwa hivyo makusudi, ukimtumia mwenzako kodi yako asikie ulichosikia wewe. Ukitaka kila mara iwe mpya andika juu kabisa use_random_seed Time.now.to_i, inachukua saa ya kompyuta kama namba ya kuanzia. Na kila live_loop (amri ya kutengeneza lupu) iwe na sleep (amri ya kusubiri) au sync ndani, bila hizo inagoma.

Kama kuandika kodi hukutaki kabisa basi chukua Bloom, programu ya simu ya wanamuziki Brian Eno na Peter Chilvers, ile ya 2008, unagusa skrini tu inaendelea yenyewe. Ila mi nabaki na Sonic Pi, nataka sheria nizipange mwenyewe.